Niliziita Setilaiti

Mimi ni mvushaji. Miaka thelathini na moja nimevusha watu mto Ruvuma kwa mtumbwi, hapa chini ya kijiji cha Mahurunga, na usiku kazi hii huanzia machoni. Njia ya ng'ambo inashuka kilimani hadi mtoni, na kwa kuogopa tembo na viboko, kila anayetembea usiku hushika taa yake. Anayebebwa hashiki. Kwa hiyo abiria wakiwa bado mbali, mimi huku nimeshawahesabu: taa tano, watu watano, safari mbili. Wakifika ukingoni, wa mbele anazungusha taa mara tatu, nami naingia majini. Sikuwahi kukosea hesabu, na nilipenda kulisema hilo mbele za watu. Mdomo wangu hauna breki.

Mwaka huu niliyekuwa nikimsubiri hasa ni Americo, mume wa Telma. Kijiji chao cha ng'ambo kilipovamiwa walitawanyika. Telma alikimbilia huku peke yake. Mume na mtoto wao Carlota, wa miezi kumi, wakaangukia kambi moja huko mbali kusini. Miaka miwili na nusu Telma amelima mihogo ya watu na kubangua korosho za watu, akisubiri. Mwezi wa saba Americo aliazima simu, akasema watakuja mwezi wa nane, usiku, pamoja na wenzao. Telma akahamia kibandani kwangu mtoni.

"Mjomba Sudi," akaniambia, "ukiona taa yoyote, niamshe. Yoyote ile."

Usiku wa tatu nikaziona taa nyingi angani, zimejipanga kama shanga, zinakwenda polepole bila mlio. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona kitu kile. Nikamwamsha. Telma alitoka na kanga moja, akatazama mpaka ya mwisho ilipozama.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa na maelezo. Wengine walisema ndege za vita, wengine malaika. Bibi mmoja akasema hizo ni roho za waliouawa ng'ambo, zinahama. Maneno ya bibi yule ndiyo Telma aliyoyashika. Siku mbili hakula. Aliniambia alikuwa akimtafuta Carlota katika zile taa na hakujua hata amtambue kwa lipi.

Mwalimu Nuru wa shule ya msingi ndiye aliyekuja kutuokoa. Alikaa kibandani, akafungua simu yake, akatuonyesha picha: setilaiti za intaneti, zinarushwa nyingi kwa mpigo, zinafuatana. "Zitapita tena, msiogope," akasema. Telma alilia kwa nafuu, kisha akala ugali.

Kuanzia siku ile nikawa mtaalamu. Mtu akiuliza juu ya nyota inayotembea, kabla hajamaliza nimeshamjibu. Mwalimu mwenyewe hakulitamka neno setilaiti mara nyingi kama mimi.

Zikapita siku sita. Usiku wa saba hakukuwa na mwezi, na moshi wa mashamba yanayochomwa ulikuwa umeifunika ng'ambo yote. Kilima hakikuonekana kabisa. Juu na chini giza lilikuwa moja. Ndipo zikatokea taa, juu sana, juu kuliko njia inakopita, zimejipanga, zinakwenda polepole. Mazoea yakanishika, nikaanza kuhesabu. Nilipofika nne nikajicheka, nikaacha. Kule juu hakuna njia, na watu hawatembei hewani. Ya mwisho ilikuwa ndogo. Ilibaki nyuma, ikasimama, halafu ikaenda haraka kuzifikia nyingine.

"Hii ya mwisho mvivu," nikasema peke yangu.

Telma alikuwa amelala, na safari hii usingizi ulikuwa umemchukua kweli. Nikamtazama nikamwonea huruma. Sikutaka nimwamshe kwa setilaiti mara ya pili. Lakini nisijisafishe: haikuwa huruma tupu. Nilikuwa na uhakika, na nilijisikia vizuri kuwa nao. Nikajifunika shuka, nikalala.

Alfajiri bunduki zililia ng'ambo. Tulilala kifudifudi mchangani kama tulivyozoea, mpaka zikanyamaza.

Siku ya nne akaja mtu anaitwa Francisco, aliyevukia kivuko cha Kilambo, mguu umefungwa tambara. Alikuwa akimuulizia Telma. Alikaa chini, akaomba maji, akayanywa yote ndipo akasema.

Walikuwa watu kumi na mmoja, yeye na Americo wakiwemo. Njia ya kawaida ilikuwa imekaliwa na wenye bunduki, wakaamua kupita juu kabisa, mgongoni mwa kilima, pasipo na njia. Wakashuka hadi ukingoni. Americo akazungusha taa mara tatu, akangoja, akazungusha tena. Kupiga kelele hawakuthubutu.

"Tulimwambia tutafute pengine," Francisco akasema. "Akakataa. Akasema mvushaji wa hapa hajawahi kukosea, atakuja."

Walingoja mpaka alfajiri. Bunduki zilipolia nyuma yao, kila mtu akashika njia yake. Americo aliingia majini na Carlota shingoni. Francisco alijificha kwenye matete, na hakuwaona wakitokea upande wowote.

Nilipiga kasia siku tatu, ukingo huu na ule, mpaka kwenye mikoko mlangoni mwa bahari. Nikauliza kila mvuvi. Sikupata hata kitambaa.

Niliporudi, Francisco alikuwa bado yupo, na Telma alikuwa akimuuliza maswali ya safari, moja baada ya jingine.

"Kilimani Carlota alibebwa na nani?"

"Hakubebwa, dada. Alikataa kabisa. Alitaka taa kama wakubwa, tukampa kurunzi ndogo. Alitembea wa mwisho, baba yake mbele yake akigeuka kila mara kumngoja."

Msiba wa kujitakia hauna kilio, lakini nililia. Nikamwambia Telma yote: kwamba niliziona, kwamba nilianza kuhesabu nikaacha, kwamba sikumwamsha, kwamba nilimcheka mwanawe nikamwita mvivu. Nikangoja anipige. Nilitaka anipige.

Akasogea, akakaa karibu yangu mchangani.

"Mjomba," akasema, "mimi nilimwacha hajui kusimama. Wewe umemwona anatembea. Niambie anatembeaje."

Nikamwambia. Anabaki nyuma, nikasema, anasimama kidogo, halafu anakimbia kuwafikia wenzake.

Akaniomba nirudie.