Mashine Isiyorudi Kukiri

Siku ya Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Peng Hsiu-yin alikuwa akipitia mistari arobaini na mitatu ya programu iliyoandikwa na mwenzake, pale picha ya kwanza ilipodondoka juu ya kibodi. Ilikuwa ya mtoto akipuliza mishumaa ya keki. Aliigeuza, akakuta tarehe ya mwaka ujao, akaiweka kando ya kikombe cha chai na kuendelea kusoma.

Kampuni ilikuwa mji wa Hsinchu, ikitengeneza mashine za kuhifadhia kumbukumbu za ofisi na zahanati. Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Hsiu-yin ilikuwa kukagua kila badiliko la ile sehemu ya mfumo inayoshika mafaili kwa muda. Diski huandika polepole, kwa hiyo mfumo hulipokea faili, huliweka kwenye akiba yake ya haraka, na humwambia mtu: imehifadhiwa. Kisha huliandika diskini kimyakimya. Diski ikikataa, mfumo unatakiwa urudi kwa mtu kukiri kwamba faili halikuandikwa. Badiliko hili la mistari arobaini na mitatu liliondoa kule kurudi. Diski ikikataa, faili lilifutwa kwenye akiba kana kwamba limeandikwa, asiambiwe mtu, na mashine ikaongeza kasi kwa theluthi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lenyewe ndilo lililokuwa likipotea.

Kufikia mchana vitu vilikuwa vinashuka mfululizo kutoka darini, juu ya mashine ya majaribio: ramani ya kiwanja, mtihani uliosahihishwa, picha za harusi, barua ya mtu akimwomba dada yake msamaha. Vyote vilikuwa na tarehe za mwaka ujao, na bado vina joto. Mama wa usafi aliuliza kama avichanganye na karatasi chakavu za kuuza.

Meneja Fan alikuja akaikagua mashine. Juu yake, kama juu ya kila mashine mjini, kulikuwa na kifuko cha kijani cha vitafunio, kilichowekwa kwa imani kwamba kitaifanya mashine iwe na adabu.

"Nani kaacha hiki? Kimeisha muda tangu Agosti! Mnataka mashine iwatii na mnailisha vitu vilivyochacha?"

Alishuka dukani, akaleta kipya, akaandika tarehe kwa kalamu nyeusi. Karatasi zilitulia dakika kumi, zikaanza tena. Meneja akaagiza makartoni, maana mlango wa dharura haukupaswa kuzibwa.

"Dada Hsiu-yin, weka jina lako basi, badiliko lipite. Tarehe kumi na tano mzigo wa mashine unaondoka."

"Siweki. Hili linadanganya watu. Hivi vinavyoanguka ndivyo litakavyowapotezea."

"Halidanganyi. Linanyamaza tu."

"Mkeo akikununia wiki nzima, meneja, huwa unasema hajasema kitu?"

Tseng Yi-wei, aliyekaa meza ya mbele na ambaye kazi yake ilikuwa programu za sauti, alicheka hadi tambi zikampalia.

Alhamisi, ndani ya kartoni la nne, Hsiu-yin alikuta karatasi ya zahanati ya Hsinpu, kule baba yake anakoanika matunda ya persimoni kwenye nyungo upepo wa Oktoba ukivuma. Jina lilikuwa la baba yake: Peng A-hsing, miaka sabini na minane. Asichomwe penisilini, iliwahi kumfunga koo. Tarehe nne Machi, saa nne na dakika kumi na moja asubuhi. Hsiu-yin alikaa sakafuni. Aliogopa, wala hakuona haya kuogopa.

Meneja Fan aliisoma mara mbili, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Pole sana. Mwambie mzee akumbuke mwenyewe."

"Huyo hutafuta miwani akiwa ameivaa."

"Wazee wetu," alisema meneja, akaenda kwenye kikao.

Hsiu-yin aliandika maoni ya mistari kumi na mmoja, akiomba mashine iruhusiwe kurudi kukiri. Kisha akaenda kunywa supu ya mipira ya nyama. Asiyekuwepo na lake halipo: aliporudi, badiliko lilikuwa limeshapitishwa, na chini yake jina la mkaguzi lilikuwa Tseng Yi-wei.

"Usininunie, dada. Nimelisoma lote."

"Kwa dakika ngapi?"

"Nne. Si fupi lile?"

Mzigo uliondoka tarehe kumi na tano. Makartoni yalipofika mia mbili, kampuni ilikodi chumba cha pili.

Tarehe nne Machi Hsiu-yin aliomba ruhusa, akampeleka baba yake zahanati. Muuguzi alimwuliza mzee maswali, akaandika, akabofya. Kioo kikaonyesha alama ya kijani: imehifadhiwa. Saa ya ukutani ilikuwa nne na dakika kumi na moja. Mashine, mojawapo ya zile za kampuni yao, ilikuwa chini ya meza, na juu yake kifuko cha kijani ambacho muda wake ulikuwa haujaisha.

Hsiu-yin alitoa mkobani ile karatasi ya kwenye kartoni. Muuguzi aliisoma, akatabasamu.

"Hii mbona ipo tayari, dada. Si umeona mwenyewe? Tusijaze makaratasi."

"Mwanangu huyu ana wasiwasi tangu akiwa mdogo," alisema mzee. "Msamehe."

Hsiu-yin aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati la baba yake, akafunga kifungo. Nyuma yao watu thelathini walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, mikono mitupu, bila karatasi yoyote, wakisubiri kuitwa. Muuguzi akaita jina lililofuata.