Mkono Uliolegea

Binti alipotoka kukatwa mafindofindo, mama yake mzazi aliuwahi mkono wake kabla ya yule mke mpya wa baba, ambaye siku hizi ndiye anayeishi na mtoto.

"Niminye mkono, mwanangu."

Vidole vikalala tu kama vya mwanasesere. Roho ikamuuma. Kumbe kashanisahau! Mke mpya naye akashika mkono wa pili. Mama akamkodolea macho ya wivu.

"Kakuminya?" akauliza, akijifanya hajali.

"Hata kidogo, dada."

Moyo ukamtulia tuli. Akatabasamu, tena bila haya. Bora tukose wote, akajisemea.

Mke mpya hakutabasamu. "Mbona anapumua kwa shida? Nesi! Nesi!"

Nesi akaja mbio, akambandika mtoto barakoa ya hewa. "Dawa ya kulegeza misuli haijamwisha mwilini," akasema, huku daktari aliyemfuata akimdunga mtoto dawa ya kuiondoa.

Kifua kikaanza kupanda vizuri. Mke mpya akaangua kilio. Ndipo vidole vya mtoto vikauminya mkono wa mama yake, vikauminya kwa nguvu, na mama, akilikumbuka lile tabasamu lake, akakosa uso wa kumwambia mtu kwamba kaminywa.