Mvua ya Jaffer

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Basi wahenga hawakumjua Matonya, maana yeye sababu alikuwa nazo, tena za kumtosha na kumgawia jirani. Ya kwanza ilikuwa mashine. Ya pili ilikuwa mtu aliyeiendesha. Ya tatu, iliyomkera kuliko zote, ni kwamba mtu huyo alikuwa mtani wake, na kwa hiyo hakuweza hata kugombana naye.

Kwa miaka tisa Matonya alikuwa akiosha magari ya wakubwa wa Dodoma nyuma ya soko la Majengo. Madebe mawili ya maji kwa gari zima, basi. Katika nchi ambayo mwanamke hutoka alfajiri kwenda kugombea mtungi mmoja kisimani, mtu wa madebe mawili ni fundi, na Matonya alitaka kila mtu alijue hilo. Alianza juu ya paa, akashuka na kitambaa cha amerikani mpaka kwenye magurudumu, kisha akakausha kwa kipande cha ngozi ya mbuzi alichokilainisha kwa samli. Mikono yake ilikuwa na macho. "Bwana, nati ya gurudumu hili inacheza," angemwambia mwenye gari, au, "Springi hii imechoka, usiende nayo Kondoa." Na mwenye gari angemshukuru. Shukrani zile alizipenda kuliko chakula.

Kisha Jaffer, mwenye gereji karibu na stesheni, akaleta mashine kutoka Nairobi. Ilikuwa miaka mitatu baada ya Malkia wa Waingereza kutawazwa, na mwaka wa pili wa mvua haba. Mashine yenyewe ilikuwa matao matatu ya mabomba yaliyotobolewa matundu, na injini ndogo iliyonguruma pembeni. Gari liliingia chini ya matao, injini ikavuta maji, na maji yakaruka kutoka juu, kushoto, kulia na chini, kwa nguvu ya kung'oa tope la wiki nzima. Yaliyomwagika yaliingia kwenye birika la saruji, yakachujwa kwa mchanga, yakapandishwa tena. Baada ya dakika tano gari lilitoka liking'aa. Watu wakaiita Mvua ya Jaffer. Walikuja kutoka Kizota, wengine na watoto mgongoni, kutazama tu maji yakinyesha mahali ambapo mawingu yalikuwa yamekataa.

"Debe tupu haliachi kuvuma," alisema Matonya alipoisikia ile injini mara ya kwanza. Lakini usiku ule hakulala vizuri.

Aliyeiendesha mashine ni Yahaya, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mrefu mwenye pengo na kicheko cha kusikika ng'ambo ya reli. Siku ya kwanza tu alimfuata Matonya sokoni, akaichukua ile ngozi ya mbuzi kutoka begani mwake bila kuomba.

"Nimeichukua, mtani," alisema. "Nitaitumia kufutia injini. Ninyi Wagogo mnaomba mvua kwa kuchinja ng'ombe mweusi, mnangoja miezi. Mimi Mnyamwezi nazungusha chuma mara mbili, inanyesha."

Watu wakaangua kicheko. Matonya naye, kwa kuwa utani una sheria zake, akajibu: "Babu yako alipita hapa na pembe la ndovu kichwani, ulimi nje kwa kiu, akamlipa babu yangu hongo ya njia ndipo akaonja maji. Leo mjukuu wake anataka kutunyeshea!"

Kicheko kikazidi. Yahaya ndiye aliyecheka kuliko wote, akampiga Matonya begani, akaondoka na ngozi. Kitu kilichochukuliwa na mtani hakikuibwa. Ndivyo ilivyo. Matonya akabaki anatabasamu huku roho ikimchoma.

Toka siku hiyo alikuwa mtu aliyezibwa mdomo na kicheko. Alisema mashine inachubua rangi za magari, watu wakacheka: watani hawa! Alisema Yahaya hajui gari, anajua koki tu, wakacheka. Alisema siku moja, kwa ukali, macho yamemwiva, "Huyu mtu ananiua!" Mwuza mchele mmoja akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe mtu anaweza kulia njaa hadharani na watu wakamshangilia.

Kibaya zaidi ni kwamba Yahaya hakuwa mtu mbaya. Mama yake Matonya alipofariki, Yahaya alitembea mpaka Nkuhungu, akafanya kazi yote ya mtani. Aliingia kaburini, akajilaza chali, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. "Huyu mama alikuwa mchumba wangu," alisema, "sitoki bila mahari yangu." Hata Matonya, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka, akapata nguvu ya kushika jembe. Alijua lile lilikuwa deni la wema. Lakini wivu haulipi madeni. Kila wema wa Yahaya ulimwongezea uchungu, kwani ulimnyima hata ruhusa ya kumchukia.

Wateja wakaenda mmoja mmoja. Akaenda daktari. Akaenda padri. Akaenda bwana shamba. Matonya alijipitisha gereji jioni, akasimama ng'ambo ya barabara akiyahesabu magari yaliyopanga foleni, na kila alilolijua kwa mikono yake lilimuuma peke yake, kana kwamba anamwona mkewe akiolewa na mtu mwingine.

Alibaki na mmoja, mzee Kassamali, mfanyabiashara wa karanga na ufuta. Gari lake lilikuwa kubwa, la Kimarekani, rangi ya maziwa mgando, na Matonya alikuwa analijua kuliko alivyoujua mwili wake. Alijua siri yake pia. Mpira ulioshika kioo cha nyuma ulikuwa umekauka kwa jua, ukaachia kwenye pembe ya juu, ufa wa kupitisha ukucha. Kwa maji ya kitambaa haukuwa na neno. Hata hivyo kila wiki Matonya alichukua nta ya nyuki aliyopewa na mkwewe, mrina asali, akailainisha mkononi, akaisukuma ndani ya ufa kwa kidole gumba. Jua la Dodoma liliiyeyusha, naye wiki iliyofuata aliiweka upya. Hakuwahi kumwambia mtu. Fundi naye anataka awe na kitu chake.

Alhamisi moja Kassamali alikuja akasimama karibu naye, akakohoa kama mtu mwenye habari mbaya.

"Matonya, keshokutwa wakwe wanashuka na treni kutoka Tabora. Wanakuja kumposa binti yetu. Sasa mke wangu Batuli anasema gari lipite kwenye mvua ya Jaffer kwanza. Wake za wenzangu wote wamepitisha. Unajua wanawake. Mara moja tu."

"Haya, bwana," alisema Matonya. "Mara moja tu."

Alijua hakuna mara moja. Daktari naye alisema mara moja tu. Kassamali alipoingia dukani, Matonya akamaliza kukausha gari. Mkono wake, kwa mazoea, ukaingia mfukoni, ukatoka na nta. Akailainisha. Akainyanyua mpaka kwenye pembe ya kioo, nayo ile ya wiki iliyopita ilikuwa imebaki utando tu. Kisha akairudisha nta mfukoni.

Sikutoa kitu, alijiambia akirudi Nkuhungu. Nimeacha tu kuweka. Mtani ana mashine, na azibe yeye.

Nyumbani mkewe Ruthu alimwona anakula huku anatabasamu peke yake. "Leo umepata nini?" alimwuliza. Akasema hajapata kitu.

Jumamosi watu walijaa gereji. Kassamali alifika saa tisa, amevaa koti jeupe, anaendesha mwenyewe. Nyuma alikaa mkewe Batuli, gauni la hariri ya zambarau, mtandio wenye nyuzi za dhahabu begani, na kiti chote kimetandikwa kitambaa alichokitarizi kwa miezi mitatu kwa ajili ya wakwe. Jaffer akamfungulia mlango ateremke.

"Siteremki," alisema Batuli. "Wote wanaitazama kwa nje. Mimi nataka kuiona mvua kwa ndani."

Watu wakapiga makofi. Matonya alikuwa amesimama karibu na birika. Alikuwa amefikiria kwamba kiti kitalowa, basi. Hakuwa amemfikiria mama huyu, aliyemtumia Ruthu kanga mbili na samli alipojifungua mapacha, na ambaye kila Ijumaa alimtolea chai kwa mkono wake mwenyewe. Gari likasogea polepole chini ya matao. Nafasi ilikuwapo bado. Neno moja lingetosha. Akapiga hatua mbele, akafungua mdomo.

"Mtani!" Yahaya alimwona, akapaza sauti akiwa ameshika koki. "Umekuja kuiaga kazi yako au kuizika? Kama ni kuizika, niite nijilaze!"

Uwanja mzima ukacheka. Uso wa Matonya ukawaka moto, naye akafumba mdomo. Yahaya akafungua koki.

Maji yakaruka. Kwa kitambo ilisikika injini tu, kisha ndani ya gari ukatoka ukelele. Kupitia kioo watu waliona mikono inapapasa na mtandio unavutwa. "Mvua inanyesha na ndani!" mtu mmoja akapiga kelele, na kicheko kikalipuka upya. Yahaya alifunga maji haraka, lakini mashine ile ilikuwa na nguvu, na sekunde chache zilitosha. Batuli alitoka akiwa amelowa kuanzia nywele, wanja umemshuka mashavuni, zambarau ya gauni imechuja ikapaka kitambaa cha miezi mitatu. Na hapo hapo, upande wa Kigwe, treni ikapiga honi.

Matonya alikuwa ameisubiri furaha hii siku mbili. Ilikuja kweli, tamu, akaimeza. Halafu akamwona Batuli anajaribu kukamua upindo wa gauni, haangalii mtu, na ule utamu ukageuka shubiri. Matonya aliona aibu kiasi kwamba alitamani ardhi impokee.

"Umefanya nini, Yahaya?" Jaffer alifoka. "Mbele ya mji mzima!"

Kassamali hakufoka. Alikuwa amezunguka nyuma ya gari, akapitisha kidole kwenye kioo mpaka akafika pembe ya juu. Akabandua utando mdogo wa nta uliobaki chini ya mpira, jua lisipofika, akauelekeza juani. Juu yake kulikuwa na alama ya kidole gumba, na katikati ya alama hiyo mstari wa kovu. Hapakuwa na mtu Majengo asiyelijua kovu la Matonya, lililotokana na bati la debe.

"Matonya," alisema taratibu. "Njoo. Hii ni yako?"

"Ndiyo, bwana."

"Kwa hiyo ufa huu uliujua."

Matonya akamtazama yule mzee, akaona miaka tisa ya kuaminiwa iko kwenye ganda la nta.

"Aliniambia," ilisikika sauti ya Yahaya.

Wote wakageuka. Yahaya alikuwa anajifuta mikono kwa ile ngozi ya mbuzi, bila haraka. "Aliniambia jana, bwana. Akasema, usipige maji kioo cha nyuma cha mzee Kassamali, kibovu. Nikacheka. Nilidhani ni utani. Kosa ni langu."

Jaffer hakuhitaji zaidi ya hayo. "Toka hapa," alimwambia. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa biashara na macho ya Kassamali yalikuwa yanamngoja, akaongeza: "Na wewe Matonya, Jumatatu njoo ushike mashine. Nataka mtu anayelijua gari mpaka ufa wake." Kassamali akamshika Matonya bega, akamwomba radhi kwa kumshuku. Akamwomba radhi!

Jioni ile Ruthu alichinja kuku. Matonya alimega ugali mara mbili, akanawa.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi, alikwenda stesheni. Yahaya alikuwa ameshaketi dirishani kwenye behewa la daraja la tatu, kisanduku cha bati miguuni, anatafuna karanga.

"Yahaya," aliita. Hakusema mtani. "Mimi sikukuambia kitu. Ufa niliujua, nikanyamaza makusudi. Nilikuonea wivu tangu siku uliyokuja."

Yahaya aliacha kutafuna. Akamtazama bila kicheko. Kisha akageuka ndani ya behewa, akapaza sauti.

"Jamani, mnamsikia Mgogo huyu? Kazi yangu kaichukua, sasa analeta machozi ili achukue na nauli!"

Behewa zima likacheka.

"Sitanii," alisema Matonya.

"Ndivyo wasemavyo watani wote."

"Kwa nini ulisema vile?"

Yahaya akautoa mkono dirishani, akaushika wa Matonya. Mdomo wake ulikuwa unacheka bado, lakini mkono ulibana sana, na haukuachia upesi. "Mimi Jaffer angenifukuza kwa vyovyote," alisema chini kwa chini. "Tungekosa kazi wote wawili, ingekuwa na faida gani?" Kisha kwa sauti ya kawaida: "Nenda kazini, mtani. Ile koki ya kushoto inabana. Ifungue polepole, usije ukavunja mpini."

Treni ikaanza kwenda. Matonya akaifuata mpaka mwisho wa jukwaa. "Nilijua!" alipiga kelele. "Nisamehe! Nilikuonea wivu!" Yahaya akapunga ile ngozi ya mbuzi dirishani, pengo lake likionekana. Nyuma ya Matonya wanawake wenye vikapu vya karanga walikuwa wanacheka wakishikana mabega. "Watani hawa," mmoja alisema, "watatuua!"

Matonya alisimama mpaka moshi ukapotea. Kisha akaenda gereji, ambako gari la daktari lilikuwa linangoja chini ya matao, na watu wachache wamekwishakusanyika. Wakampigia makofi. Akashika koki ya kushoto. Ilikuwa inabana kweli. Akaifungua polepole.