Dawa ya Mama Mkwe

Mama mkwe alikuwa mfanya usafi wa kiwanda cha maziwa, na usafi wake ulikuwa wa ugomvi. Uchafu ukimwona ulihama wenyewe. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na tangi kubwa lisiloingiza hewa. Maji machafu yote yaliishia humo, vijidudu vikala uchafu, na gesi viliyoitoa ikachemsha chai ya wafanyakazi. Mlezi wa tangi hilo alikuwa mkwewe, mume wa bintiye wa pekee.

Jumatatu mama akasikia kuna wageni wanakuja kiwandani. Mkwe asiaibishwe na harufu! Akamimina kwenye mfereji dawa ya kuua vijidudu, na kwa bahati mbaya ilikuwa dawa nzuri. Jumatano jiko likazimika. Meneja akasema moto usiporudi ndani ya wiki mbili, tangi litafungwa na mlezi wake atafute kazi kwingine.

Mama akakosa usingizi. Utamwambiaje mkwe kwamba umemmwagia unga wake? Lakini mficha uchi hazai. Alhamisi akamfuata penye tangi, macho chini.

"Mkwe wangu, ni mimi. Nilimwaga dawa."

"Najua, mama. Niliinusa siku ileile."

"Na ukanyamaza?"

"Ningeanzia wapi kumhoji mama mkwe? Nimesubiri useme mwenyewe ni madumu mangapi, nijue pa kuanzia."

"Matatu."

Mkwe akashusha pumzi. "Nilidhani kumi. Matatu yanatibika."

"Heshima nyingine ni ujinga tu, baba," mama akasema. "Nikikosea tena, niambie papo hapo."

Wakatoa maji yenye dawa, wakaingiza mengine. Ikabaki kuleta vijidudu vipya, navyo makao yake ni tumboni mwa ng'ombe. Basi mama yule yule aliyeruka kila kidimbwi akabeba ndoo za mavi kutoka zizi la jirani, asubuhi na jioni, huku wenzake wakimwuliza manukato yake anayanunua duka gani.

Siku ya kumi na moja kiberiti kikawashwa na moto ukashika, wa buluu, umetulia. Mama akalia bila kujificha. Akachemsha chai mwenyewe, kwa haraka ya furaha, akammiminia mkwewe kikombe cha kwanza.

Mkwe akapiga funda moja. Akatazama kikombe, akamtazama mama. Kabla ya Alhamisi ile angekinywa hadi mwisho na kushukuru.

"Mama," akasema, "umetia chumvi."