Fleti ya Mkwe Mtarajiwa

…la, kidole hakijaganda, ni kitufe tu cha kuthibitisha malipo ndicho baridi, na binti wa benki nyuma ya kioo anamtazama kwa upole wa kazini, "Shangazi, siku hizi matapeli wengi, lazima nikuulize, anayepokea pesa hizi unamjua?", jamani, swali gani hili, Meirong asimjue Shouwen, mwanawe wa pekee, aliyempepea akikariri vitabu hadi pua inatoka damu, akaanguka mtihani wa kuingia uzamili mara mbili, nafasi chache na watahiniwa kama siafu, ndipo aliposema, Mama, Uingereza ni mwaka mmoja tu, nikirudi na cheti cha nje kampuni za Shanghai zitanigombania, na yeye akauza fleti aliyonunua na marehemu mumewe, fleti ya mkwe, maana hapa mjini Luohe kijana asiye na fleti nani atampa binti… na mwaka umekwisha, kumbe masomo mawili ameanguka, arudie, karo upya, kodi upya, jana kwenye simu sauti yake ilitoka kama amejifunika blanketi, "Mama, ukishindwa kutuma, nitarudi tu," kisha kimya, na Meirong, badala ya kusema rudi mwanangu, tambi zipo, akaropoka, "Usirudi! Kesho natuma!"… mbona upesi vile? ni zile meza kumi na mbili za karamu ya kumuaga, bahasha nyekundu za pesa za pongezi alizopokea kwa mikono miwili, dada Fan wa ghorofa ya chini akishangilia, dada Fan ambaye binti yake alirudi na cheti cha Australia na sasa anauza chai ya maziwa stendi, na nani aliyemcheka binti huyo pale kwenye ngazi, "Kuvuka bahari kote kule, kumbe kukoroga chai!", mdomo wa nani kama si wa Meirong mwenyewe… mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, hakuna kampuni inayomgombania Shouwen, anajua, na mtoto naye anajua, ndiyo maana alinyamaza, alikuwa anaomba kurudi, na hizi si karo, Meirong, unalipa ili mwanao asikanyage ngazi zile, umeuza nyumba yake na sasa unanunua asirudi, na mwakani utauza nini…

"Shangazi? Foleni ndefu. Unamjua?"

"Ni mwanangu," akasema, kidole bado juu ya kitufe.