Makaa ya Shambani Kwangu

Bomba la mafuta lilipopasuka hapa kwetu Ogoni, shamba langu la muhogo liligeuka jeusi, halioti hata magugu. Tukaambiwa tuchome maganda ya kokwa za michikichi, kisha tuzike makaa yake yanyonye sumu ardhini. Nilizika mpaka mgongo ukaniuma.

Leo nimemkuta jirani yangu Lekia ameinama humo, anayafukua na kujaza beseni.

“Mama Barinem, makaa yako yanawaka bila kupulizwa,” akasema.

“Yanawaka kwa sababu yamelewa mafuta, mwehu wewe. Utawalisha watoto moshi huo?”

Hakuacha kuchimbua.

“Mikoko tuliyokuwa tukiikata kwa ajili ya kuni imeuawa na mafuta hayohayo, mama. Acha basi leo yanipikie.”