Laini za Akiba

Kasoki alikuwa anapima laini moja baada ya nyingine katika chumba cha mitambo, karibu na Porte de Namur jijini Brussels, wakati mkuu wake Ghislain alipoingia. Kampuni yao ilibeba simu kati ya Brussels na Kongo.

"Maman Kasoki, nilisema ukate zile laini za akiba. Bili inaonyesha ziko bule, hakuna mwenye anazitumia!"

"Bili inahesabu tu simu zenye zilipokelewa, papa Ghislain. Mama yako wa Likasi, kule Kongo, anakuitaka kwa simu namna gani?"

Ghislain akacheka. "Ananibip, simu inalia kidogo anakata, alafu mimi ninamupigia. Kule unités za kupiga simu ni bei sana."

"Voilà. Simu ikilia na kukatwa, laini imeshikwa, lakini bili haioni kitu. Siku ya matanga kila muntu wa kule anabip. Tukikata akiba, laini zitajaa, na muntu wa huku atajua kifo wakati maiti imeisha kuzikwa."

"Directeur ameshaamua. Atakufukuza, weye kichwa nguvu!"

"Anifukuze. Lakini kukata, akuje akate yeye mwenyewe."

"Donc nimwambie hivyo?"

"Hivyo hivyo, papa. Usipunguze neno."

Ghislain akatikisa kichwa, akatoka kwenda kwa Directeur.

Kasoki akarudi kwenye kipimo chake. Jioni ilipofika, nusu ya laini zilikuwa bado hazijapimwa, na hakuna ya akiba iliyokuwa imekatwa. Alizima taa, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni mwa koti. Zilizobaki angezipima kesho.